Kuku wa Meya

Mama yangu hajawahi kuingia kijiji cha watu bila kumsalimia chifu wake, na hakuona sababu ya kuacha tabia hiyo kwa vile tu kijiji chenyewe kiko Ufaransa.

Jamaa zetu wa hapa Sydney wakisikia tulikwenda Ufaransa, swali lao la kwanza ni kama tuliuona ule mnara wa chuma. Hatukuuona. Tulikwenda harusi ya binti wa dada yangu, kusini kabisa, mwendo wa saa nyingi kutoka Paris, na siku moja iliyobaki kabla ya kupanda treni ya kurudi tukaitumia kwenda kutazama kijiji cha kale kilichojengwa juu ya kilima. Wenyeji wa harusi walituambia tusiondoke bila kukiona. Walisema kuta zake zina umri mkubwa kuliko nchi nyingi, na kwamba ukiwa juu unaona bonde lote mpaka macho yachoke.

Mimi ni dereva. Naendesha lori la makontena, Port Botany mpaka maghala ya Ingleburn, na jioni narudi Penrith ninakoishi na Mama na watoto wangu. Bandarini kila lori limepewa saa yake. Ukichelewa, saa imekwenda, unakaa pembeni kusubiri nyingine huku bosi anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Kazi hiyo imenipa ulimi mkali na uvumilivu mdogo. Sijisifu. Nasema tu ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekuwa kwenye usukani siku hiyo.

Mama ana miaka sabini na mitatu. Baba yake alikuwa chifu wa kijiji katika milima ya Kivu Kusini, na Mama ndiye binti aliyekuwa akileta kiti na maji mgeni akifika. Alisoma kwa masista mpaka darasa la sita, kwa Kifaransa, na mwandiko wake mpaka leo umenyooka kama wa kitabu. Kisha ikaja vita. Kisha kambi ya Tanzania, miaka mingi, ambako mimi nilijifunza Kiswahili hiki ninachoandikia na nikasahau Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho. Kisha Sydney.

Kiingereza kilimkuta Mama amekwisha kuwa mtu mzima. Alihudhuria darasa miezi michache akaacha, akasema mwalimu anawasemesha bibi za watu kama watoto wa chekechea. Tangu hapo mimi ndiye mdomo wake. Hospitalini daktari ananiuliza mimi, "Anaumwa wapi?" na Mama amekaa katikati yetu kama kontena linalosubiri karatasi. Benki vivyo hivyo. Ofisi za serikali vivyo hivyo. Mwanamke aliyekua akipokea wageni wa chifu amekuwa mtu wa kusemewa, na hajawahi kulalamika hata siku moja, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angelalamika.

Kwa hiyo nilipokata tiketi nilikuwa na neno moyoni ambalo sikumwambia mtu. Safari zote za Mama za kuvuka mipaka zilikuwa za kukimbia. Hii ilikuwa ya kwanza yenye tiketi ya kurudi. Nilitaka afike mahali, hata kwa saa moja, asimame mwenyewe, aseme mwenyewe, na apokelewe kama mgeni mwenye heshima zake. Nilidhani harusi ingefanya kazi hiyo. Wakamweka meza ya mbele, wakambandika ua kifuani, wakampigia muziki mkubwa usiomruhusu mtu kumsikia jirani yake, na usiku kucha hakuna aliyezungumza naye zaidi ya kumwinamia na kutabasamu. Nililala nimenuna.

Jumatatu asubuhi nikakodi gari dogo. Usukani upande wa kushoto, barabara upande wa kulia, kila kitu kinyume na kwetu, lakini mtu anayerudisha nyuma trela yenye kontena la futi arobaini hawezi kuogopa kigari kama hicho. Mama alikaa kando yangu amevaa kitenge chake cha harusi, kile cha bluu chenye ndege, kichwani kilemba. Chini ya kilima kulikuwa na mji mdogo, na ilikuwa siku ya soko.

"Simama," Mama akasema.

"Mama, tunaenda kule juu."

"Najua tunaenda juu. Tunaenda kwa watu mikono bule?"

Nikasimama. Nilifikiri anataka keki, au chupa ya kitu. Mkono mtupu haulambwi, sawa, ingawa sikujua ni nani hasa tuliyekuwa tunamwendea. Nikamfuata akipita kwenye jibini, akipita kwenye maua, akipita kwenye nguo, mpaka mwisho wa soko ambako mzee mmoja mwenye kofia alikuwa anauza kuku hai ndani ya matundu. Mama akainama akawatazama mmoja mmoja kama anayechagua mchumba. Kisha akafungua mdomo, na nikasikia Kifaransa kinatoka. Kilikuwa kile cha masista, kila neno limepigwa pasi.

Yule mzee alimuuliza kama anataka kuku wa mayai au wa kula. Hilo nililielewa.

"Wa meya wa kule juu," Mama akajibu.

Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akarudi kwa Mama. Akasema jambo refu. Mama akaanza kucheka, akanigeukia.

"Chefu wa kule ni mwanamuke!"

"Mama, sikiliza. Ile ni sehemu ya watalii. Watu wanaingia tu, wanapiga picha, wanatoka. Hakuna mtu anaenda kwa meya. Nobody."

"Hao nobody ni watoto wa nani?" akauliza. Kisha akamwambia yule mzee ampe wa mayai, kwa kuwa mwanamke mwenzake asipelekewe nyama ya siku moja.

Ndivyo nilivyojikuta nikipanda kilima cha Ufaransa na kuku mwekundu ndani ya boksi lenye matundu, amepakatwa na mama yangu kiti cha mbele, akilalamika kila kona. Kona zilikuwa nyingi. Barabara ilizunguka kilima kama uzi kwenye bobini ya cherehani, upande mmoja ukuta, upande mwingine hakuna kitu. Mama hakuogopa. Alikuwa anatazama mashamba ya ngazi yaliyokatwa kwenye mteremko, yenye kuta za mawe, akawa anatikisa kichwa kwa kukubali. "Hawa wanajua mlima," akasema.

Magari hayaingii kijijini. Unaegesha chini ya lango la mawe, na kwa bahati nzuri au mbaya ofisi ya meya ilikuwa hapo hapo kando ya maegesho, nje ya lango, nyumba ndogo yenye bendera. Mama akashuka na boksi lake akaenda moja kwa moja mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Kulikuwa na karatasi: ofisi hufunguliwa Jumanne na Alhamisi, asubuhi tu.

"Basi," nikasema, na sikuficha furaha yangu. "Umejaribu, Mama. Mungu ameona. Tumwache kuku ndani ya gari, nifungue dirisha, tuingie."

Mama akakaa kwenye kizingiti cha ofisi. Akaweka boksi mapajani.

"Miye siingie."

"Mama."

"Siingie kijiji ya watu sawa mwizi. Tafuta chefu. Akikataa kutuona, tunarudi kwa gari, tunaenda. Ni haki yake."

"Tumetoka Penrith! Tumepanda ndege mbili! Kesho tuna treni!"

"Weye," akasema, bila kupandisha sauti, "kule bandarini kwako, unaingiaka tu?"

"Hapana. Kuna geti. Naonyesha kadi."

"Na kama ukipita bila kuonyesha kadi?"

Ukipita geti la bandari bila kuonyesha kadi unafukuzwa siku hiyo hiyo, na Mama anajua, maana nimewahi kumsimulia habari ya dereva mmoja aliyefanya hivyo.

"Basi," akasema yeye sasa, akarekebisha kilemba.

Nilipita chini ya lango lile nimefura kwa hasira. Nilijua nimeshindwa kwa haki, na hakuna hasira mbaya kama hiyo. Niliona jinsi siku itakavyokwisha: Mama ameketi kwenye kizingiti cha ofisi iliyofungwa, nje ya lango, anasubiri kuruhusiwa. Miaka yote hiyo amekaa kwenye mabenchi ya nje ya ofisi za watu. Sikuvuka dunia nzima ili akae kwenye lingine.

Kijiji kilikuwa kizuri, lazima niseme ukweli, hata kwa macho ya mtu aliyenuna. Nyumba zote za mawe ya rangi ya mkate, zimebanana, paa juu ya paa, na vichochoro vya mawe vilivyolika katikati kwa nyayo na magurudumu. Mimi kila mahali naangalia kwa jicho la dereva, kwa hiyo nilichokuwa najiuliza ni namna walivyopandisha mawe yale yote mpaka juu, na leo friji mpya inafikaje kwa mtu, maana vichochoro vingine vilikuwa vyembamba kuliko vioo vya lori langu vikifunguliwa. Watu walikuwa wamejaa. Walipiga picha milango, wakapiga picha paka, wakala aiskrimu. Sikumwona hata mmoja aliyempungia mkono mtu dirishani. Kuna bibi alikuwa anamwagilia maua kibarazani, wakampiga picha naye kama sehemu ya maua.

Nikaingia duka la sabuni nikauliza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, "Meya, wapi?" Mwenye duka akanyoosha kidole juu.

Juu kabisa, karibu na kanisa, kulikuwa na chemchemi ya mawe, na watu wawili wenye mabuti ya mpira walikuwa wanazibua mfereji wake. Mmoja mwanaume kijana, mwingine mwanamke wa umri wangu, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya shimo mpaka begani. Nikamuuliza yule kijana, meya yuko wapi. Akamwonyesha mwanamke. Yule akatoa mkono shimoni, na konzi ya majani yaliyooza, akaniambia habari za mchana.

Sasa ndipo nilipoelewa maisha ya Mama huko Sydney. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema na maneno kama kumi hivi ya kuyasemea. Nikasema: mama yangu. Australia. Yuko chini, langoni. Haingii. Kwanza kusalimia.

"Ana malalamiko?" akauliza. Neno hilo nililijua, ni neno la ofisi.

"Hapana. Salamu."

"Salamu tu?"

"Na kuku," nikasema.

Akanitazama muda mrefu. Nami nikamtazama, nikijiambia kwamba huyu mwanamke akicheka nitamtukana kwa lugha zote nilizojaliwa, kisha nitamchukua Mama yangu twende zetu. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akamwambia kijana neno, akaanza kushuka, na mimi nyuma yake nikikimbia, maana alijua mawe ya kukanyaga na mimi siyajui.

Tulipotokea langoni niliwakuta watalii wamemzunguka Mama. Mwanamke mweusi mwenye kitenge cha bluu na kuku mapajani, mbele ya ukuta wa kale; nadhani walidhani ni sehemu ya maonyesho. Simu zilikuwa juu. Mama hakuwatazama. Alikuwa amekaa mgongo wima, anatazama mbele, kama alivyokaa kwenye foleni zote nilizowahi kumwona. Yule meya akasema maneno mawili makali na simu zikashuka.

Mama akasimama. Akamtazama mwenyeji wake: nywele zimetimka, matope mpaka kiwikoni, buti. Meya naye akamtazama, kitenge, kilemba, viatu vilivyosuguliwa asubuhi kwa kitambaa cha hoteli. Kisha akatoa funguo mfukoni, akafungua mlango wa ofisi, akaingia, akaufunga nyuma yake.

"Twende, Mama," nikasema kwa upole ambao sina kawaida nao. "Twende tu."

"Ngoja."

"Mama, amefunga mlango."

"Chefu hatoki na matope. Ngoja."

Tukangoja. Nilisikia maji ya bomba ndani, kisha droo inavutwa. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa amenawa, amechana nywele, amefunga vifungo vyote vya shati, na begani mpaka kiunoni amejivika utepe mpana wa rangi za bendera yao, ule wanaovaa wakifungisha ndoa. Chini bado mabuti. Akasimama katikati ya mlango, mikono kando, anangoja.

Mama akanipa boksi. Akakunja magoti kidogo, akapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa, makofi yenye sauti nene ambayo nilikuwa sijayasikia tangu nikiwa mtoto, tangu kwa babu. Sikujua kwamba bado anayo. Kisha akanyooka akasema, na kwa kuwa alisema taratibu na kwa Kifaransa cha shule, nilielewa karibu yote.

"Mheshimiwa Meya. Mimi ni binti wa chifu, wa milima ya Kivu, na baba yangu alikuwa akipokea wageni mlangoni kwake kama unavyonipokea. Nimefika na binti yangu. Hatuna shari. Tumekiona kijiji chako kutoka chini, tunaomba njia tuingie tukitazame."

Akachukua boksi kutoka kwangu, akalitoa kwa mikono miwili.

Meya akalipokea kwa mikono miwili. Nani alimfundisha, sijui. Labda mtu akipewa kitu namna ile mikono inajua yenyewe. Kuku akatoa kichwa kwenye tundu. Meya akamtazama kuku, akamtazama Mama, na nikaona kidevu chake kinatikisika.

"Bibi," akasema, "sijui desturi yenu inanitaka nijibu nini. Lakini karibu. Karibuni sana."

"Inatosha," Mama akamwambia.

Mimi nilijua haijatosha. Nimelelewa na Mama, najua chifu anatakiwa kumpa mgeni kiti na maji, na kwamba mgeni haombi. Akiomba, haina maana tena. Nikasimama pale nimebana pumzi kama niko mtihanini. Meya akatupisha mlangoni, akaliweka boksi mezani kwa uangalifu. Akamtazama Mama magotini, magoti yale ya miaka sabini na mitatu, akaingia chumba cha ndani, akatoka na kiti, chenyewe kizito, cha mbao na ngozi. Nadhani kilikuwa chake. Akakiweka. Mama akaketi. Akaingia tena, bomba likafunguliwa tena, akarudi na maji kwenye kikombe kilichovunjika mkono.

Mama akayanywa yote mpaka tone la mwisho, akamrudishia kikombe. Ndipo nikapumua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na kwa uso wa yule mwanamke naamini alikuwa na kitu cha kupona.

Alituingiza mwenyewe langoni, na utepe wake begani. Yule kijana wa mfereji akampeleka kuku kwenye uwanja wenye uzio nyuma ya shule. Watu wakatupisha. Mama alipanda vichochoro vile polepole, amemshika meya mkono, wanaongea, na mimi nyuma nimebeba mkoba. Nilikuwa napata neno moja katika matano; mengine Mama alinisimulia baadaye. Mama aliuliza maji yanatoka wapi, akauliza nani anazalisha wanawake, akauliza kanisa linajaa au halijai. Aliuliza watoto wako wangapi shuleni, na jibu lilikuwa dogo kiasi kwamba alisimama. Meya akamweleza kwamba nyumba nyingi ni za watu wa mbali wanaokuja kiangazi. Wakati wa baridi unaweza kupita kijiji kizima usione moshi. Watu wanaopita langoni kwa mwaka ni wengi mno, akasema, na wanaomuuliza yeye chochote huuliza choo kiko wapi.

Pale juu, mbele ya kanisa, bonde lote likafunguka chini yetu, mto, mizabibu, barabara yangu ya kona. Mama akalitazama kwa muda. "Walijenga huku waone nani anakuja," akamwambia meya. "Na sisi vile vile." Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaojua kazi moja.

Tukiteremka tukapita duka la sabuni, mwenye duka akaniuliza jambo. Nikabaki nimetoa macho. Mama akageuka akajibu kwa niaba yangu, haraka, kisha akamwinamia meya akamwambia kitu kirefu akinionyesha kwa kidole, nami nikashika neno "lori" na neno "kubwa". Meya akaitazama mikono yangu. Akaninyooshea wake tukasalimiana upya, kwa nguvu, kama wanaume wa gereji. Sijui Mama alimwambia nini hasa. Nilimuuliza baadaye akasema si mambo yangu. Lakini mabega yangu yalipanda, na mpaka tunafika chini yalikuwa bado hayajashuka. Nilijivunia mwanamke yule wa mbele yangu kiasi cha kutaka kumsimamisha kila mtalii nimwambie, unamwona huyu? Huyu ni mama yangu, na huyu hajapita hapa bure.

Muda wa maegesho ulikuwa umekwisha zamani. Sikuangalia saa.

Ofisini meya akafungua daftari. Akasema anataka kuandika barua, rasmi, ya kushukuru, na muhuri wa kijiji, na akija kupata likizo yake siku moja angependa kujua mlango wa kubisha. Akauliza anuani. Halafu, kama wanavyofanya watu wote, akanipa mimi kalamu.

Nikanyoosha mkono kuipokea. Mama akaushusha mkono wangu.

Akaanza kutaja anuani kwa kichwa. Kwa Kiingereza. Namba ya nyumba, kisha jina la barabara, herufi moja moja, kwa namna ya sisi madereva kwenye redio: N for November, A for Alpha. Hakukosea hata moja. Alikuwa na sauti yangu, sauti yangu ya simu ninapowaeleza watu wa ofisi kwa mara ya tatu. Hata alipofika Penrith alivuta pumzi ile ya kuchoka nao kabla ya kusema P for Papa. Akamaliza na zile namba nne za posta. Miaka kumi na mmoja amekaa jikoni akimenya viazi huku mimi napiga simu, nami nikidhani hasikii kitu. Na miaka kumi na mmoja, akiulizwa na watu wa kanisani anakaa wapi, jibu lake ni moja: "Nakaa kwa mutoto wangu."

Meya akaandika yote. Akainua kichwa akauliza, kwa adabu, "Hapo ndipo nyumbani kwa binti yako?"

"Hapana, Mheshimiwa," Mama akasema. "Ni kwangu. Binti yangu anaishi na mimi."

Nikasema natoka kuwasha gari. Nilikuwa nalia, na dereva wa Port Botany halii mbele ya serikali.